Watu 499 na barabara isiyofika: India inavyohesabu vijiji vyake

India inajiandaa kuhesabu watu wake kwa mara ya kwanza tangu 2011. Sensa iliyopaswa kufanyika 2021 ilizuiwa na Uviko-19, ikaahirishwa tena na tena, hadi Juni 2025 serikali ilipotangaza rasmi kwamba hesabu mpya itasimama kwenye usiku wa kuamkia Machi 1, 2027, huku maeneo ya theluji ya Himalaya yakitangulia Oktoba 1, 2026. Gumzo la huko limeshika mambo mawili: kuulizwa kwa tabaka la kuzaliwa la kila raia, na hatima ya viti vya ubunge kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Yote mawili ni mazito. Lipo la tatu ambalo halipewi nafasi, nalo linagusa maisha ya watu kwa ukaribu zaidi. Nchini India, idadi ya watu wa mahali ndiyo inayoamua kama mahali hapo patajengewa barabara, na kwa hiyo kama mama mjamzito wa kitongoji cha mlimani atafika hospitali kwa gari au atabebwa mabegani juu ya kitanda cha kamba.

Septemba 2024 baraza la mawaziri la India lilipitisha awamu ya nne ya mpango wa taifa wa barabara za vijijini: rupia bilioni 701, kilomita 62,500, vitongoji 25,000 ambavyo bado havijaunganishwa, kazi ikamilike mwaka wa fedha 2028/29. Wengi walilipokea tangazo hilo kama taarifa ya kufunga kazi, kwamba ng'ombe mzima ameshaliwa na sasa umebaki mkia. Mimi nasema usomaji huo umekosea mahali pawili. Kwanza, vitongoji vilivyobaki havikusahaulika kwa bahati mbaya. Viliwekwa nje na kanuni ya kuhesabu vichwa, na kanuni hiyo bado inatumika. Pili, pale ambapo barabara imefika, kilichofika ni lami. Gari, nauli na ratiba ni habari nyingine kabisa, na hakuna anayezihesabu.

Tuanze kwa kuwapa wahandisi haki yao. Mpango huo, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulizinduliwa Desemba 25, 2000 chini ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee. Wakati huo India ilikuwa na vitongoji kama 825,000, na takriban 330,000 kati yake havikuwa na barabara inayopitika mwaka mzima. Fedha za kuanzia zilitengwa kwenye tozo ya dizeli. Foleni ikapangwa kwa idadi ya watu: vitongoji vya watu 1,000 na zaidi vitangulie, vifuate vya 500 na zaidi, na kwenye milima, majangwa na maeneo ya Adivasi, yaani jamii za asili za misituni, kigezo kikashushwa hadi 250. Viwango vya ujenzi vilikuwa vya aina moja nchi nzima, ukaguzi ulifanywa kwa ngazi tatu, na mkandarasi alibanwa kuitunza barabara kwa miaka mitano baada ya kuikabidhi. Hadi sasa zaidi ya kilomita 700,000 zimejengwa. Ukizinyoosha zinaizunguka dunia mara kumi na saba. Anayeubeza mpango huu hajawahi kuishi mahali ambapo mvua ya wiki moja inakata mawasiliano na soko kwa mwezi mzima.

Lakini tazama kilichotokea kwenye kigezo chenyewe. Katika wilaya zenye uasi wa Kimao kimeshushwa hadi watu 100. Hakuna hesabu ya uhandisi inayosema kwamba watu 100 wa Bastar, eneo la uasi huo, wana uzito wa watu 500 wa uwanda wa mto Ganga. Kilichoshusha kigezo ni usalama wa taifa: askari na ofisa wa serikali nao walihitaji kupita. Silaumu uamuzi huo, maana wakazi wa maeneo hayo wamekaa gizani miaka mingi na barabara ni haki yao. Ninachosema ni kwamba namba hizi ni chaguo la kisiasa tangu mwanzo. Zingeweza kuwa nyingine, na bado zinaweza kuwa nyingine.

Tatizo la kwanza ni nani anayehesabiwa pamoja na nani. Sensa ya 2011 iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000, na vijiji hivyo ni mipaka ya daftari la ardhi, mingi ikiwa imerithiwa kutoka kwa watoza kodi wa zamani. Mpango wa barabara hautumii kijiji. Unatumia kitongoji, yaani kundi la nyumba zilizo pamoja. Msomaji wa Tanzania ataelewa haraka, kwa kuwa hata kwetu kijiji kimoja kinaweza kuwa na vitongoji vilivyoachana kwa mwendo wa saa nzima. Kanuni ya India inasema nyumba zilizo ndani ya mita 500 zinaweza kujumlishwa kuwa kundi moja, na milimani ndani ya kilomita moja na nusu ya njia ya miguu. Na kitongoji kilicho umbali usiofika huo kutoka kwenye barabara ya majira yote kinaandikwa kuwa tayari kimeunganishwa.

Kwenye karatasi inapendeza. Sasa jiulize ni nani anayeishi kwenye nyumba zilizojitenga. Katika vijiji vingi vya Bihar, familia za Dalit, watu ambao mfumo wa matabaka uliwaita wasiogusika, huishi kwenye mtaa wao pembeni, mara nyingi upande wa kusini, nyuma ya mashamba ya wenye ardhi. Katika majangwa ya Rajasthan familia hukaa kwenye mashamba yao, nyumba tatu hapa, tano kule. Kwenye miteremko ya Jharkhand, Odisha na Chhattisgarh, Adivasi wamesambaa kwa kufuata maji na msitu. Barabara ikifika kwenye hekalu na shule ya kijiji kikubwa, kitabu cha sensa kinaandika kwamba kijiji kina barabara, na waliojitenga wanaingizwa humohumo. Kutengwa kwa nyumba zao kulitokana na ukabaila na tabaka, halafu kanuni ya umbali ikaja kukuidhinisha kwa lugha ya hesabu. Mita 400 si kitu kwa kijana mwenye baiskeli mwezi wa Januari. Mwezi wa Julai, mvua za monsuni zikiwa zimejaza kijito kilichopo kati ya mtaa na barabara, mita hizo ndizo safari nzima.

Tatizo la pili ni lini watu wanahesabiwa, na hapa ndipo ninapoona dhuluma isiyokusudiwa lakini kubwa. Hesabu ya watu nchini India hufanyika Februari. Mwaka 2011 wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kuanzia tarehe 9 hadi 28, na mtu ambaye hakuwepo nyumbani kipindi chote hicho hakuandikwa pale. Aliandikwa kule aliko. Mantiki yake inaeleweka, maana hutaki kumhesabu mtu mara mbili. Ila Februari ni mwezi gani kwa kijiji maskini cha India? Ni katikati ya msimu wa kuhama. Wakata miwa wa wilaya ya Beed, Maharashtra, huondoka baada ya sikukuu ya Diwali (Oktoba au Novemba) na kurudi Machi au Aprili viwanda vya sukari vinapozima mitambo. Watu wa Balangir na Nuapada, magharibi mwa Odisha, wako kwenye tanuri za matofali za Telangana na Andhra Pradesh, mara nyingi mume, mke na watoto. Wanarudi mvua zinapokaribia, ili walime.

Kwa maneno mengine, kijiji kinahesabiwa kikiwa tupu na kinaishi kikiwa kimejaa. Watu wake wanarudi kwenye msimu uleule ambao njia ya udongo haipitiki. Kitongoji chenye watu 540 mwezi Julai kinaweza kuandikwa 430 mwezi Februari, na hapo kigezo cha 500 kinakipita. Kuna mzunguko mbaya humu: mahali pasipo na barabara hapana kazi, pasipo na kazi watu wanahama, wakihama idadi inashuka, na idadi ikishuka barabara haiji. Juu ya hayo, awamu ya nne inategemea takwimu za 2011. Wakati fedha hizo zinatumika, kuna mtoto aliyezaliwa baada ya sensa hiyo ambaye tayari anatembea kwenda sekondari, na kwenye hesabu ya barabara yake bado hajazaliwa.

Uttarakhand inaonyesha mwisho wa mzunguko huo. Sensa ya 2011 ilikuta zaidi ya vijiji 1,000 vya jimbo hilo la milimani havina mkazi hata mmoja, na wilaya mbili, Almora na Pauri Garhwal, zilikuwa na watu wachache kuliko miaka kumi iliyotangulia, katika nchi ambayo idadi ya watu wake ilikuwa inapanda kwa kasi. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2017 serikali ya jimbo iliunda tume maalumu ya kushughulikia uhamaji. Wapo wanaosema barabara zenyewe ndizo zilizowaondoa watu. Kuna chembe ya ukweli, kwa sababu njia inayoleta mwalimu ndiyo hiyohiyo inayomchukua kijana. Lakini waliohama walitaja ajira, shule na hospitali, na mambo hayo matatu yote ni maswali ya umbali na usafiri. Mtu anayeweza kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni ana sababu ya kubaki na nyumba yake. Anayelazimika kuchagua moja kati ya kijiji na mshahara atachagua mshahara.

Sasa nimsikilize anayekitetea kigezo, kwa kuwa hoja yake ina nguvu. Atasema kwamba namba ni ngao dhidi ya wanasiasa. Bila kigezo kilicho wazi, barabara itakwenda kwa shemeji wa mbunge. Hofu hiyo ina ushahidi. Wachumi Jonathan Lehne, Jacob Shapiro na Oliver Vanden Eynde walichunguza zabuni za mpango huu katika majimbo ya uchaguzi ambayo mgombea alishinda au alishindwa kwa kura chache, na wakakuta kwamba mgombea akishinda, sehemu ya kandarasi zinazokwenda kwa watu wenye jina la ukoo kama lake inapanda kutoka asilimia 4 hadi 7. Pia wakakuta barabara zilizolipiwa na kuandikwa zimekamilika ambazo sensa ya 2011 haikuziona. Ikiwa haya yalitokea kanuni ikiwepo, je, isingekuwepo?

Hoja hii naikubali zaidi ya nusu. Kanuni iliyo wazi lazima iwepo. Lakini soma utafiti huo mpaka mwisho: kilichowaumbua wezi wa barabara hakikuwa kigezo cha watu 500. Ilikuwa orodha ya huduma za vijiji kwenye sensa, ile safu inayoandika kwamba hapa pana barabara na pale hapana, iliyokusanywa na mkono mwingine usio wa mkandarasi. Kigezo kilipanga foleni. Kilichoilinda fedha ni ukaguzi huru wa kile kilichopo ardhini. Unaweza kubadilisha kanuni ya foleni bila kupoteza ngao, mradi unaendelea kuhesabu kwa uaminifu kilichojengwa na kukiweka wazi kwa wanakijiji wenyewe.

Mtetezi wa pili anakuja na hoja ya fedha. Kilomita sita za lami kwa watu 180 ni ghali mno, na kwani barabara hizi zimeleta nini? Hapa hutajwa utafiti maarufu wa Sam Asher na Paul Novosad, uliochapishwa 2020. Walitumia mwanya uleule wa kigezo, wakilinganisha maelfu ya vijiji vilivyokuwa juu kidogo ya namba na vilivyokuwa chini kidogo. Walichokuta kiliwashangaza wengi: miaka kama minne baada ya barabara kufika, mavuno hayakubadilika sana, mali za kaya hazikuongezeka sana, na biashara za kijijini zilipanuka kidogo tu. Kilichobadilika waziwazi ni kwamba watu walitoka kwenye kilimo na kuingia kwenye vibarua vingine.

Wanaoipinga barabara huishia hapo na kusema: mnaona, haileti utajiri. Mimi nausoma utafiti huo kinyume chake. Jambo pekee lililobadilika kwa nguvu ni lile linalotegemea mtu kwenda na kurudi. Yale yanayotegemea mzigo kusafirishwa, mkopo kupatikana na mnunuzi kufika hayakubadilika, kwa sababu lami peke yake haiyaleti. Kazi nyingine ya watafiti haohao pamoja na Anjali Adukia ilionyesha kwamba barabara ikifika, watoto hukaa shuleni muda mrefu zaidi na hufanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Nayo pia ni habari ya mwendo wa miguu kugeuka safari. Na kwa wanaohofia misitu, hofu ambayo naiheshimu, Asher, Novosad na Teevrat Garg walipima uoto kwa picha za setilaiti na kukuta kwamba barabara hizi ndogo za vijijini hazikusababisha ukataji wa misitu unaoonekana, tofauti kabisa na barabara kuu. Kwa hiyo kuwanyima Adivasi kilomita tano za njia kwa jina la miti, huku barabara kuu zikipasua misitu yao, ni kuwatwisha mzigo usio wao.

Kuna hoja nyingine inayosikika sana siku hizi, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba pikipiki imeshalitatua tatizo, na waliobaki mbali sana wahamie mahali panapofikika. Ni kweli pikipiki zimeenea. Mwaka 2011 kaya moja kati ya tano ilikuwa na pikipiki au skuta. Kufikia utafiti wa afya ya familia wa 2019–21 zilikuwa karibu nusu ya kaya zote. Lakini kaya haipandi pikipiki. Anayeipanda ni mtu, na katika vijiji vingi vya India mtu huyo ni mwanamume. Akiondoka asubuhi kwenda kibaruani, ameondoka na usafiri wa nyumba nzima. Mama mkwe mwenye presha, binti wa kidato cha tatu na mke mwenye mimba ya miezi minane wanabaki na miguu yao. Ile nusu ya kaya isiyo na pikipiki nayo si nusu ya kubahatisha. Ni kaya za walewale wa mtaa wa pembeni. Kuhusu kuhama, anayesema hivyo amesahau kwamba Sheria ya Haki za Misitu ya 2006 iliwatambua watu hawa kuwa wenye haki ya ardhi wanayoikalia, na kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu kipande kidogo cha msitu, kisichofika hekta moja, kitolewe kwa ajili ya barabara, shule au zahanati mkutano wa kijiji ukiridhia. Taifa lilishawaambia wabaki. Sasa liwafikie.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini, nacho ni gari. Mwaka 2005–06 ni asilimia 39 tu ya watoto wa India waliozaliwa kwenye vituo vya afya. Kufikia 2019–21 walikuwa asilimia 89. Barabara zimechangia, malipo kwa akina mama wanaojifungulia hospitali yamechangia, na gari la wagonjwa la namba 108 limechangia. Ila gari hilo linaitwa kwa dharura. Maisha ya kila siku yanahitaji chombo kinachopita hata pasipokuwa na anayekufa. Tofauti kati ya majimbo ni kubwa mno. Maharashtra ina shirika la mabasi la serikali ambalo kwa miongo mingi limejenga sifa ya kufika mahali popote penye barabara. Basi lake jekundu ndilo lililokuwa likibeba wanafunzi, maziwa na barua. Wafanyakazi wake walipogoma kuanzia mwishoni mwa 2021 hadi Aprili 2022, mikoa mizima ya vijijini ilikwama, na hapo ndipo watu wa mijini walipoona ni nani aliyekuwa akiishikilia nchi. Jirani yake, Madhya Pradesh, ilifunga shirika lake mwaka 2005. Wenye mabasi binafsi walichukua njia zenye abiria wengi, na vijiji vya ndani vikaachwa kwa magari ya jeep yaliyosheheni hadi juu ya paa. Mwaka 2025 serikali ya jimbo hilo iliamua kurudisha usafiri wa umma chini ya mfumo mpya. Miaka ishirini ni kizazi kizima cha wasichana walioacha shule ya mbali.

Tena magari hayo ya jeep mara nyingi yanavunja sheria. Chini ya Sheria ya Magari ya 1988, gari lenye kibali cha kukodiwa haliruhusiwi kuokota na kushusha abiria njiani kwa nauli ya kila mmoja. Kazi hiyo inahitaji kibali cha basi la njia maalumu. Usafiri pekee wa kijiji unakuwa haramu, dereva anaishi kwa kumpoza polisi, na gharama hiyo inaingia kwenye nauli. Watu wa bodaboda wa Afrika Mashariki wanaijua hali hii bila kusimuliwa.

Bihar, jimbo linalodharauliwa sana na Wahindi wengine, ndilo lililofikiri vizuri kuliko mengi katika hili. Mwaka 2006 lilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana sekondari ulipanda kwa asilimia 32, na walionufaika zaidi ni wanaoishi kilomita tatu au zaidi kutoka shuleni. Mwaka 2018 jimbo hilo likaanza kutoa ruzuku ya nusu ya bei, isiyozidi rupia 100,000, kwa vijana wa tabaka za chini wanaonunua gari dogo la abiria, kwa mgawo maalumu wa kila halmashauri ya kijiji. Tazama ujanja wake: gari linakuwa la mtu wa mtaa wa pembeni, kwa hiyo safari inaanzia kwake. Na kwa vitongoji vya watu 250 hadi 499 ambavyo kanuni ya Delhi iliviruka, Bihar ilianzisha mpango wake wa barabara mwaka 2013. Odisha nayo Oktoba 2023 ilianza na Malkangiri na wilaya jirani za kusini, ikitandaza mabasi ya serikali kutoka halmashauri za vijiji hadi makao ya wilaya. Linganisha na Karnataka, ambako tangu Juni 2023 wanawake wanapanda mabasi ya kawaida ya serikali bure. Ni sera njema, mamilioni wameifurahia. Lakini nauli ya sifuri kwenye basi lisilofika kijijini kwako ni sifuri kweli.

Kwa nini mambo haya hayaonekani kwenye mjadala wa taifa? Kwa sababu hayapimwi. Orodha ya huduma za vijiji ya 2011 inauliza kama pana basi la umma, basi binafsi, bajaji, trekta, hata mkokoteni wa ng'ombe, na jibu ni ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, inaandikwa kama huduma iko chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, au zaidi ya 10. Basi linalopita mara moja kwa siku saa kumi na moja alfajiri na basi la kila nusu saa yote yanapata ndiyo ileile. Vilevile sensa ya 2011 iliuliza watu wanasafirije kwenda kazini, lakini iliwauliza wafanyakazi walio nje ya kilimo na nje ya kazi za mikono za nyumbani tu. Mkulima anayepeleka nyanya mnadani hakuulizwa. Kibarua wa shamba hakuulizwa. Katika nchi ambayo watu milioni 833 walikuwa vijijini mwaka huo, swali la usafiri liliwaruka wengi wa wale wanaohangaika zaidi na usafiri. Kipimo cha kimataifa kina upofu wa namna hiyohiyo: Malengo ya Maendeleo Endelevu yanahesabu watu wanaoishi ndani ya kilomita mbili kutoka barabara ya majira yote, na Kenya na Tanzania nazo zinapimwa kwa rula hiyo. Mtu anaweza kuishi mita mia kutoka kwenye lami safi na asione gari siku tatu.

Maofisa wa ardhi wa India watakaojaza upya orodha ya huduma za vijiji wana nafasi ambayo haitarudi kwa miaka kumi. Safu ya basi iongezewe maswali matatu: linapita mara ngapi kwa siku, linapita hata kwenye miezi ya monsuni, na nauli hadi makao ya wilaya ni sehemu gani ya ujira wa kibarua wa siku moja wa hapohapo. Jibu litolewe kwa kitongoji, tofauti na kijiji, ili mtaa wa Dalit uwe na mstari wake. Swali la safari waulizwe wote, wakulima na wanafunzi wakiwemo. Kwa wilaya zinazojulikana kwa uhamaji wa msimu, hesabu ya barabara itumie wenye nyumba na ardhi pale, hata kama Februari wako kwenye tanuri la matofali; daftari za mgao wa nafaka wanazo, na majina yamo humo.

Kuhusu foleni yenyewe, naona kigezo cha 250 kitumike nchi nzima, na chini ya hapo kila jimbo lipewe fungu la njia nyembamba zaidi, zenye kalavati na madaraja madogo ya uhakika kabla ya lami. Mwezi Juni na Julai 2024 madaraja zaidi ya kumi yaliporomoka Bihar ndani ya wiki chache; kijiji kilichounganishwa kwa daraja bovu kimehesabiwa kwenye mafanikio na kimekatika. Fedha za matengenezo baada ya ile miaka mitano ya mkandarasi zitengwe tangu siku ya kusaini, kwa maana majimbo maskini ndiyo yenye barabara nyingi mpya na ndiyo yasiyo na fedha za kuzitunza. Na kila barabara inapokabidhiwa, ikabidhiwe pamoja na kibali cha njia kwa gari dogo la abiria, chenye masharti mepesi na ruzuku ya miaka ya mwanzo, mpaka abiria wazoee na dereva aone faida. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya rupia bilioni 701 zilizokwishapitishwa, na safari ya kwanza inaweza kuanza siku ileile mkandarasi anapoondoa mitambo yake.